Kompyuta ya zamani ikikataa kuwaka: Chunguza kwanza, usikimbilie kuifuta

KOMPYUTA ya mezani iliyotumika kwa miaka kumi au zaidi mara nyingi huharibika bila kutoa taarifa. Jioni huzimwa ikiwa nzima, na asubuhi swichi hubonyezwa pasi na jambo lolote kutokea. Nyakati nyingine feni huzunguka lakini kioo hubaki cheusi, au mstari mmoja wa maandishi meupe hujitokeza na mashine ikaganda hapo hapo.

Kwa mwenye duka la steshenari, mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa, au mwalimu anayetunza matokeo ya wanafunzi wake, tukio hilo si dogo. Mashine yenyewe huenda haina tena thamani kubwa sokoni. Lakini ndani ya diski yake kuna hesabu za miaka mingi, barua, orodha za wadaiwa na picha za familia, vitu ambavyo haviuzwi katika duka lolote la Kariakoo wala la Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Katika hali hiyo wengi huangukia mojawapo ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni kuamini kwamba mashine imekufa, na hivyo kuitupa au kuiuza kama chuma chakavu. Kosa la pili, ambalo madhara yake ni makubwa zaidi, ni kumkabidhi fundi ambaye bila kupima chochote huamua "kupiga Windows" upya, yaani kufuta kila kilichomo katika diski na kuanza na mfumo mpya.

Makosa yote mawili hutokana na kutofahamu jambo moja. Kompyuta isiyowaka huonyesha yenyewe mahali ilipokwama, na mara nyingi kilichoharibika ni kifaa kimoja kidogo, wala si mashine nzima na kumbukumbu zake. Anayejua kusoma dalili hizo anaweza kuitengeneza mwenyewe, au walau kumdhibiti fundi asifanye jambo lisiloweza kurekebishwa.

Hatua ambazo mashine hupitia

Misingi ya namna kompyuta za aina hii zinavyoamka haikubadilika sana kwa takriban miaka thelathini, tangu kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981. Umeme wa ukutani, ambao kwa kiwango cha Tanzania ni volti 230 na kwa Kenya ni volti 240, huingia kwanza katika pawa saplai, kile kisanduku cha bati chenye feni yake kilicho nyuma ya mashine. Kazi ya kisanduku hicho ni kuugeuza umeme huo kuwa umeme mdogo wa aina itokayo katika betri, wenye volti 12, 5 na 3.3.

Umeme huo ukishatulia, prosesa huanza kusoma maagizo yaliyohifadhiwa katika chipu ndogo juu ya ubao mama, ambao mafundi wengi huuita madabodi. Maagizo hayo huitwa BIOS. Hukagua vibao vya RAM, sehemu ya picha, kibodi na diski. Yakiridhika, hutafuta diski yenye mfumo endeshi, husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski hiyo chenye ukubwa wa baiti 512 tu, na kukikabidhi kazi. Kutoka hapo ndipo Windows au Linux huanza kupakiwa.

Hatua hizo hufuatana, na moja ikishindikana zinazofuata hazifanyiki. Kwa sababu hiyo swali la kwanza ni moja tu: mashine imefika wapi?

Ikiwa hakuna taa, hakuna sauti wala feni, tatizo ni la umeme. Ikiwa feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi, wanaoshukiwa ni RAM, sehemu ya picha, ubao mama na prosesa. Ikiwa nembo ya mtengenezaji inaonekana na kufuatiwa na ujumbe kwamba diski au mfumo haukupatikana, tatizo liko katika mipangilio, kebo au diski. Ikiwa Windows inaanza kisha inaanguka, lawama ni ya programu, ya diski, au ya RAM iliyochoka. Majibu hayo manne hupunguza kwa kiasi kikubwa kazi ya kubahatisha.

Usalama kabla ya kufungua

Kabla ya kugusa bisibisi, waya wa umeme sharti uchomolewe kabisa ukutani. Kuzima swichi ya mbele hakutoshi, kwa kuwa pawa saplai za muundo wa ATX, ulioanzishwa na kampuni ya Intel mwaka 1995, huendelea kupeleka volti 5 kwenye ubao mama hata mashine ikiwa imezimwa. Baada ya kuchomoa, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe.

Pawa saplai yenyewe isifunguliwe na mtu asiye fundi wa umeme. Ndani yake kuna kapasita ambazo umeme wa volti 230 ukishageuzwa hufikia takriban volti 325, na umeme huo unaweza kubaki humo hata baada ya waya kuchomolewa. Umeme huo waweza kuua.

Aidha, mkono uguse kwanza bati la kasha la kompyuta kabla ya kushika kibao chochote, ili umeme tuli wa mwilini usiharibu chipu. Ni vyema pia kupiga picha kwa simu ya namna nyaya zilivyopangwa kabla ya kuchomoa hata mmoja. Tena kila jaribio libadilishe kitu kimoja tu. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

Isiyotoa dalili yoyote

Mashine iliyokaa kimya kabisa ichunguzwe kuanzia ukutani kuelekea ndani. Soketi ijaribiwe kwa taa au chaja ya simu. Plagi za pini tatu za mraba zinazotumika Tanzania, Kenya na Uganda huwa na fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo ikikatika kompyuta nzima huonekana imekufa. Waya mwingine wa aina hiyo hiyo, hata ule wa monita, unatosha kwa kujaribia.

Kifaa cha kuhifadhi umeme cha UPS nacho ni mshukiwa wa mara kwa mara. Betri yake ya risasi huchoka baada ya miaka michache, na baadhi ya vifaa hivyo vikichoka hukataa kupitisha umeme hata kama umeme wa ukutani upo. Jaribio lake ni rahisi: kompyuta ichomekwe moja kwa moja ukutani.

Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo, aghalabu nyekundu, yenye alama 115 na 230. Kompyuta zilizotumika zinazoingia Afrika Mashariki kutoka Marekani, nchi ambayo umeme wake wa majumbani ni volti 120, zinaweza kuwa zimewekwa kwenye 115. Zikichomekwa hivyo katika umeme wa hapa, hulipuka kwa kishindo na kutoa harufu ya kuungua. Swichi hiyo ni ya kutazamwa kabla ya mashine kuchomekwa kwa mara ya kwanza.

Haya yote yakiwa sawa, ndani ya kasha kutazamwe kama kuna taa ndogo inayowaka juu ya ubao mama pale waya unapochomekwa. Ikiwaka, umeme wa akiba unafika, na huenda kitufe cha mbele ndicho kibovu. Kitufe hicho huunganishwa na ubao kwa nyaya mbili nyembamba. Pini zake mbili zikigusanishwa kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja, mashine nzima huwaka.

Ikiwa taa hiyo haiwaki, pawa saplai inaweza kupimwa ikiwa imetenganishwa na vifaa vingine. Katika kichwa kikubwa cha nyaya chenye pini 20 au 24, waya wa kijani hugusanishwa na waya wowote mweusi kwa kipande cha waya, kisha umeme huwashwa. Feni yake isipozunguka, kwa kawaida kisanduku hicho kimekwisha. Ikizunguka, bado haijathibitika kuwa ni kizima: maltimita inapaswa kuonyesha kati ya volti 11.4 na 12.6 kwenye waya wa njano, na kati ya 4.75 na 5.25 kwenye waya mwekundu, tena mashine ikiwa inafanya kazi. Tahadhari moja ni lazima. Baadhi ya kompyuta za kampuni kubwa, hasa zile ndogo za maofisini, zina mpangilio wake wenyewe wa nyaya, na rangi zake haziaminiki bila kusoma maelezo ya mtengenezaji.

Feni inazunguka, kioo ni cheusi

Hali hii huwatisha wengi, ilhali mara kadhaa tiba yake haigharimu hata senti. Kwanza ithibitishwe kwamba monita yenyewe ni nzima na kebo yake imechomekwa mahali sahihi. Kompyuta iliyowekewa kadi ya picha huwa na matundu mawili ya monita, na mara nyingi lile la ubao mama huzimwa kadi inapowekwa.

Baada ya hapo ni zamu ya RAM. Vibao hivyo huchomekwa katika nafasi zake kwa meno yaliyopakwa dhahabu nyembamba, na katika miji ya pwani yenye joto, chumvi na unyevu, meno hayo hufunikwa na utando unaozuia umeme. Vibao vichomolewe, meno yake yasuguliwe taratibu kwa ufutio safi wa penseli, vumbi lake lipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, kisha virudishwe hadi klipu za pembeni zijifunge. Kama vipo viwili au zaidi, mashine ijaribiwe kwa kimoja kimoja, katika kila nafasi. Ikumbukwe kwamba RAM za DDR, DDR2 na DDR3 haziingiliani; kila ubao una aina yake.

Sauti za milio nazo zina maana. BIOS isipoweza kuonyesha maandishi huzungumza kwa milio ya spika ndogo. Katika mashine nyingi zenye BIOS ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi humaanisha tatizo la picha. Milio hutofautiana kulingana na mtengenezaji, kwa hiyo ni lazima itafutwe katika maelezo ya ubao husika. Kompyuta nyingi za OptiPlex za kampuni ya Dell hutumia pia taa nne ndogo ambazo mpangilio wake hutaja sehemu yenye kasoro.

Lipo jaribio jingine lenye faida kubwa. Kila kisicho cha lazima kichomolewe: diski, kisomea CD, kadi za ziada, hata kibodi. Vibaki ubao mama, prosesa na feni yake, pawa saplai na spika. Mashine iwashwe bila RAM kabisa. Ikilia kulalamika, prosesa na ubao mama viko hai, na kilichobaki ni kurudisha kifaa kimoja baada ya kingine hadi mkosaji ajulikane. Isipolia kabisa, ubao mama, prosesa au pawa saplai ina dosari.

Hapo macho yaelekezwe kwenye kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa. Kilichovimba juu au kuvuja maji ya kahawia ni kibovu. Kasoro hiyo iliikumba dunia nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitangaza gharama ya dola milioni 300 za Marekani kwa sababu ya kompyuta za OptiPlex zenye kapasita mbovu, nayo Apple ilianzisha mwaka huo huo mpango wa kutengeneza bure baadhi ya kompyuta zake za iMac G5. Fundi mwenye ujuzi wa kulehemu anaweza kuzibadilisha, mradi mpya ziwe na ujazo ule ule, volti zisizopungua za awali, na upande wa hasi usigeuzwe.

Mashine inayowaka kisha kujizima baada ya sekunde au dakika chache inalalamikia joto. Feni ya prosesa isafishwe vumbi, na dawa ya kupitishia joto iliyo kati ya prosesa na bati lake la kupoza, ambayo hukauka kwa miaka, ifutwe na kupakwa mpya.

Betri ndogo, hasara kubwa

Mwaka 1984 IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC/AT, iliweka ndani yake chipu inayotunza saa na mipangilio ya mashine kwa msaada wa betri. Utaratibu huo umeendelea hadi leo. Betri inayotumika katika kompyuta nyingi za mezani ni ya duara kama sarafu, ya volti 3, yenye jina CR2032, na huuzwa katika maduka ya saa na ya vifaa vya umeme kwa bei ndogo.

Betri hii hufanya kazi pale tu kompyuta inapokosa umeme wa ukutani. Kwa hiyo katika ofisi na nyumba ambamo soketi huzimwa kila jioni, huchoka mapema zaidi. Dalili ya kwanza ni saa na tarehe kurudi nyuma kwa miaka mingi, jambo linalofanya hata tovuti salama kukataa kufunguka. Ya pili ni ujumbe wenye maneno CMOS checksum na ombi la kubonyeza F1.

Dalili ya tatu ndiyo inayosababisha maafa. Betri ikiisha, BIOS husahau mipangilio yote na kurudia ile ya kiwandani. Miongoni mwa mipangilio hiyo ni namna ya kuzungumza na diski za SATA, ambayo huweza kuwa IDE au AHCI. Ikiwa Windows iliwekwa wakati mpangilio ni AHCI, na betri ilipokufa ukarudi kuwa IDE, Windows itaanza kisha itaanguka na kuonyesha kioo cha buluu chenye namba 0x0000007B.

Mtu asiyejua huona kioo hicho na kuamini kwamba Windows imeharibika. Fundi wa haraka hufuta diski na kuweka mfumo mpya, nao unafanya kazi, na kila mmoja huamini kwamba tiba ilikuwa sahihi. Kumbe hesabu za miaka kumi zimepotea kwa ajili ya betri ya ukubwa wa sarafu, na kitu pekee kilichohitajika kilikuwa kubadilisha neno moja katika mipangilio ya BIOS.

Kwa hiyo, kabla ya hatua yoyote dhidi ya Windows, mtu aingie katika BIOS, mara nyingi kwa kubonyeza Del au F2 mara tu mashine inapowashwa, atazame tarehe. Ikiwa si sahihi, betri ibadilishwe, tarehe irekebishwe, na mpangilio wa SATA ujaribiwe kwa namna zote mbili. Ni busara vilevile kupiga picha kurasa za mipangilio hiyo wakati mashine ikiwa nzima, kwa sababu hata kuchomoa betri kwa makusudi hufuta kila kitu.

Diski: Okoa kwanza, tengeneza baadaye

Mashine inapofika kwenye nembo yake na kuandika NTLDR is missing katika Windows XP, au BOOTMGR is missing katika Windows 7, si lazima diski iwe imekufa. Jambo la kwanza ni kuchomoa flashi, CD au kadi yoyote iliyosahaulika, maana BIOS huenda inajaribu kuwakia humo. La pili ni kutazama katika BIOS kama jina la diski linaonekana. Lisipoonekana, kebo ya data na ya umeme zichomolewe na kurudishwa, kisha kebo nyingine ijaribiwe. Katika diski za zamani za kebo pana, vidude vidogo vya nyuma vinavyoonyesha ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili navyo vikaguliwe.

Diski ikionekana lakini mfumo hauwaki, kanuni ni moja: nakala za mafaili zitolewe kabla ya jaribio lolote la kutengeneza. Amri ya chkdsk, ambayo wengi huikimbilia, huandika juu ya diski inapoirekebisha. Katika diski iliyoanza kufa, kazi hiyo inaweza kuimaliza kabisa.

Njia rahisi ya uokoaji ni kuichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine nzima kwa kebo inayoigeuza SATA au IDE kuwa USB. Mara nyingi mafaili yote huonekana kana kwamba hakuna kilichotokea. Njia ya pili ni kuiwasha mashine hiyo hiyo kwa Linux iliyo katika flashi au CD, bila kuiweka ndani ya diski, kisha kunakili mafaili kwenda katika diski ya nje. Diski yenye sehemu zisizosomeka ifanyiwe nakala nzima kwa programu ya bure ya GNU ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzima na kuziacha zile mbovu mwishoni.

Diski inayogonga kwa mdundo wa tik-tik, au inayokwaruza, izimwe mara moja. Ndani yake vichwa vya kusomea huenda vinagusa sahani, na kila dakika ya kuwaka huongeza uharibifu. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa uokoaji wenye vyumba visivyo na vumbi, na haifai kufunguliwa mezani.

Nakala zikiwa salama, ndipo matengenezo yaanze. Katika XP, amri za fixmbr na fixboot, na katika Windows 7 na zilizofuata amri ya bootrec, hutengeneza sehemu ya kuwakia bila kugusa mafaili. Kuweka Windows upya kuwe hatua ya mwisho, na ikiwezekana kufanyike katika diski mpya.

Masharti ya kumpa fundi

Wapo mafundi hodari katika kila mji, na hakuna aibu kuwapelekea mashine. Hata hivyo, mwenye mali anapaswa kueleza mambo matatu kabla ya kuondoka dukani, ikiwezekana kwa maandishi. Kwanza, diski isifutwe wala kubadilishwa bila ridhaa yake. Pili, fundi ataje kifaa kilichoharibika na namna alivyokipima. Tatu, kifaa cha zamani kilichotolewa kirudishwe. Fundi mwaminifu hatakereka kwa masharti hayo. Mwenye siri nzito ndani ya diski anaweza pia kuichomoa na kubaki nayo, kwa kuwa pawa saplai, RAM na ubao mama hupimwa vizuri bila diski hiyo.

Itengenezwe au ibadilishwe?

Ikiwa kilichokufa ni betri, pawa saplai, RAM au diski, matengenezo kwa kawaida yana faida. Aidha, kuondoa diski ya zamani na kuweka ya SSD huifanya kompyuta ya miaka kumi na mitano iwe nyepesi kuliko ilivyokuwa ilipokuwa mpya. Ikiwa ni ubao mama uliokufa, aghalabu ni nafuu kununua mashine nyingine iliyotumika na kuhamishia humo mafaili.

Jambo jingine la kupimwa ni usalama wa programu. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, ikiwamo chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine kama hizo zinaweza kuendelea kuchapa barua na kutunza hesabu zikiwa nje ya intaneti, au kuwekewa Linux ambayo bado hupokea marekebisho.

Ikiamuliwa kwamba mashine iondoke, isichomwe moto wala kutupwa jalalani. Kompyuta zilizotengenezwa kabla ya Umoja wa Ulaya kudhibiti matumizi ya risasi katika vifaa vya elektroniki mwezi Julai 2006 zina risasi katika lehemu zake, na moshi na majivu yake ni sumu. Na hapo ndipo kufuta diski kunapokuwa na mahali pake: data zote zifutwe kwa programu inayoandika juu ya diski nzima, kwa kuwa kufomati kwa haraka huacha mafaili yakiwa bado yanaweza kusomwa na mtu mwingine.

Kwa ambao kompyuta zao zinawaka leo, wakati wa kujiandaa ni sasa. Miji ya Tanzania ilipita katika mgawo mkali wa umeme mwaka 2006 na tena mwaka 2011, na mazoea ya kuchomoa kompyuta umeme unapokatika, hadi urudi na kutulia, yanafaa kudumishwa hata mgawo usipokuwapo. Muhimu kuliko yote, mafaili ya maana yawe na nakala mahali pengine, katika diski ya nje inayowekwa mbali na kompyuta. Mwenye nakala hiyo, siku mashine itakapokataa kuwaka, atakuwa na tatizo la kifaa tu, na vifaa hununuliwa.